Watoto wawili, wapo!

Saa nne asubuhi, siku ya kwanza ya likizo, katikati ya Osaka, taa ya waenda kwa miguu inageuka kijani. Watu wote wanavuka, isipokuwa Isao Katsube. Anasimama wima, ananyoosha kidole kwenye taa na kutangaza: "Kijani, salama!" Kisha anageuka na kuielekezea familia yake kidole hicho hicho. "Mke, yupo! Watoto wawili, wapo!"

"Baba, jamani!" Nagisa, bintiye wa miaka kumi na minane, anajifunika uso kwa skafu. "Watu wanatuangalia."

"Waache. Macho hayana pazia."

Wengine hunyoosheana vidole kwa ugomvi. Isao huwanyooshea wanawe kwa mapenzi. Ni dereva wa treni ya behewa moja katika milima ya Shimane, na kazini kila ishara na kila mlango lazima aunyooshee kidole na kuutaja kwa sauti, ili jicho lisidanganywe na mazoea.

"Miaka ishirini na sita," anasema. "Sasa hata friji ya nyumbani naifunga hivyo hivyo. Mke wangu ameshachoka kucheka."

Siku nne mfululizo za mapumziko hajazipata tangu Nagisa azaliwe. Januari hii wenzake walizibeba zamu zake wakati shule zimefungwa. "Nitawalipa nini watu wale? Nawapelekea biskuti tu, lakini moyoni nimejaa shukrani."

Likizo hii ina uzito wake. Aprili Nagisa anahamia Osaka kusomea uuguzi, na alikwishamwambia baba yake asihudhurie sherehe ya kupokelewa kwa wanafunzi wapya. Aje mama peke yake.

"Sikumlaumu," anasema Isao. "Lakini chakula cha jioni ile hakikunishuka."

Siku ya tatu walishuka kwenye maduka ya chini ya ardhi ya Umeda, hapo hapo Osaka, ambako hata wenyeji hupotea. Nagisa na mdogo wake Kaname, wa miaka kumi na minne, walitangulia mbele kama kawaida yao, kama vile hawana wazazi. Umati ukatoka kwenye treni, ukawameza. Simu ya Nagisa ilikuwa imezima, na ya Kaname ilibaki hotelini ikichaji.

"Mimi nilianza kukimbia," anasimulia Sanae, mke wa Isao. "Akanishika mkono. Akaniambia, 'Mama Nagisa, ishara isipoonekana, treni husimama.'"

Wakasimama kando ya nguzo. Isao akanyoosha kidole hewani. "Watoto wawili, hawapo!" Akaita tena, na tena, mpaka sauti ikaanza kumkatika. Watu walimpita wakimkwepa.

Ndipo sauti ya msichana ikashuka kutoka juu ya ngazi.

"Mtoto wa kwanza, yupo!"

Nagisa alikuwa amevua skafu, mkono kaunyoosha, kidole kinamwelekea baba yake. Pembeni yake Kaname, shavu limetuna kwa vibonge vya moto vya pweza: "Wa pili, yupo! Anakula!"

"Baba, yupo! Mama, yupo!" akamalizia Nagisa, na ngazi nzima ikageuka kutazama.

Isao alilia pale pale, na anakiri bila haya.

"Katika makelele yote yale, niliyoyajua yalikuwa ya mtu mmoja tu," anasema Nagisa. "Zamani nilidhani anatutia aibu. Kumbe siku zote alikuwa anatushukuru kwamba tupo."

Na Aprili je? "Nimemwambia aje. Ila asije nusu nusu. Aje na glavu zake nyeupe za kazini."

Isao amekwishawaomba wenzake siku moja nyingine, nao wamekubali. Anapanga kusimama kwenye lango la chuo, aite mara moja tu, kisha arudi kwenye treni yake.

Na nyumbani, ataita mtoto mmoja?

"Thubutu! Nitaita wawili." Ananyoosha kidole kuelekea dirisha la hoteli, ambako mji umetanda hadi upeo wa macho. "Mmoja, yupo. Mmoja, Osaka, salama."