Usiku Ambao Haukupimwa Pasiansi

Saa tatu asubuhi, kituo cha hali ya hewa cha Pasiansi, kando ya ziwa. Wilhelmina Shigela anafuta kwa kanga wadudu wa ziwani waliojazana kwenye vikombe vya kipima upepo. Vikombe vinazunguka kidogo, vinasimama. Anaandika: shwari.

"Mama Shwari!" anapaza sauti Malimi, mvuvi anayeanika nyavu nje ya uzio. "Usiku tumepinduliwa, asubuhi unatuandikia shwari?"

"Naandika ninachokiona, Malimi."

"Basi lala ziwani siku moja uone!"

Wilhelmina anarudi ndani na karatasi yake. Kwa miaka ishirini na saba amepima upepo asubuhi na alasiri. Dhoruba za ziwa hili hupenda kupiga usiku, kituo kikiwa kimefungwa kufuli. Zamu ya usiku iliahidiwa mwaka 2006. Walioahidi wamestaafu, wamekula kiinua mgongo, zamu haijafika.

Mwaka 2011 kaka yake, Maige, alizama usiku akivuka kutoka Nansio, kisiwani. Asubuhi ile, kabla habari haijamfikia, Wilhelmina alikuta ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Msibani, mjane wake, Selina, alimvuta Wilhelmina pembeni. "Wifi, wewe umeandikaje?"

"Shwari."

"Kwa hiyo Maige kafa kwenye shwari?"

Hawajazungumza vizuri tangu siku hiyo.

Sasa karatasi za zamani zinaingizwa kwenye kompyuta, zilinganishwe na setilaiti, ambazo hazilali. Wakubwa wanatangaza kwamba dhoruba zimezidi. Huenda zimezidi kweli. Huenda zilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyelipwa kukesha. Nani ataapa? Waliozama hawaitwi kwenye semina.

Nathaniel, kijana anayeingiza takwimu, anamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ule usiku wa Maige umeuwekaje?"

"Sifuri, mama. Karatasi haina kitu."

"Sifuri maana yake upepo haukuwepo. Sisi ndio hatukuwepo!"

"Najua, mama. Nimewaambia ofisini. Wamesema pasiwe na pengo."

Wilhelmina anastaafu Desemba. Ana ombi moja tu, na ameshalipeleka mara tatu.

"Sidai waandike dhoruba, sikuiona," anasema. "Waache pale patupu. Nimwambie wifi yangu hatujui. Hata hilo tu."

Kwenye kioo cha kompyuta, sifuri ingalipo. Saa tisa alasiri, saa ya kupima tena, inakaribia. Anachukua kanga yake, anarudi kwenye vikombe.