Kopo la Lubna

Mzee Massoudi hajawahi kupanda ndege. Mbali zaidi alikofika ni Uvira, na huko alikwenda kuzika. Lakini ukitaka kujua ni mji gani duniani watu wanakula vizuri, usiwaulize walimu wa shule ya utalii. Mi nilisoma kwao mwaka mmoja na nusu, na nilichotoka nacho ni kukunja kitambaa cha mezani mpaka kifanane na bata. Nenda mtaani kwetu Cibitoke, kwenye karakana yake ya bati iliyoshikana na kibanda changu cha kutengeneza simu, ufunge mlango wake, usome upande wa ndani.

Hapo kuna miji imepangwa kwa chaki, kuanzia wa kwanza. Istanbul ni ya tatu, kwa sababu ya samaki wa kuchoma anayetiwa ndani ya mkate karibu na daraja. Hiyo aliletewa na mama mmoja anayeuza nguo. Guangzhou ni ya nne, maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, alipewa na mfanyabiashara wa simu aliyeapa kwamba alikula arobaini. Mogadishu ni ya pili. Ndiyo, Mogadishu. Askari mmoja anaitwa Eddy alirudi kutoka huko akamwambia kwamba Wasomali wanakula wali wa viungo na ndizi mbivu juu yake, tonge la wali, kipande cha ndizi. Mzee alicheka siku nzima, kesho yake akajaribu, kesho kutwa akaipandisha.

Ya kwanza ni Lyon. Mbele ya Lyon hapajaandikwa chakula chochote.

Habari hizo zote anazipata kwa kazi yake. Zamani alitengeneza ndoo na mifereji ya mvua, siku hizi anafunga ndagala. Mtu wa hapa akienda kwa ndugu zake ng'ambo, aache nguo akitaka, ila hawezi kufika bila ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa waliokaushwa juani. Shida ni harufu. Ndagala hazikai ndani ya sanduku, zinalitawala. Kwa hiyo Mzee anazinunua ufukweni Kajaga zikiwa kavu, anazikaanga bila mafuta juu ya mbabula, lile jiko la mkaa, anazishindilia ndani ya kopo la maziwa ya unga, kisha anazungushia lehemu kwenye mfuniko bila kuacha hata tundu la sindano. Anaacha ulimi mdogo wa bati wa kulifungulia. Kopo likitoka mikononi mwake, liweke chini ya pua ya mbwa wa uwanja wa ndege, mbwa atalala.

Kuna sharti moja tu. Kopo likiisha linarudi. Makopo yenye mdomo mzima ni adimu, kwa hiyo anayekula huko analituma kwa msafiri wa kwanza atakayempata, nalo linajazwa tena. Chini ya kila kopo Mzee anachora herufi ya mwenyewe kwa msumari. Na msafiri akilirudisha, haulizwi habari za Ulaya. Anaulizwa, "Ulikula nini?"

Kopo la mtu mmoja tu halina herufi. Lina samaki mdogo mwenye jicho moja. Hilo ni la Lubna.

Lubna ni mtoto wake wa pekee, yuko Lyon mwaka wa tisa huu. Miaka mitatu iliyopita mama yake, Waridi, aliugua. Mzee alimficha Lubna. Alisema mutoto akijua ataacha masomo, atapanda ndege, na mama mwenyewe atapona wiki ijayo. Wiki ijayo Waridi akafariki asubuhi, akazikwa adhuhuri, kama dini inavyotaka. Lubna alipigiwa simu alasiri. Hakulia kwenye simu. Alisema, "Sawa," akakata.

Sasa, huyu Lubna tangu mdogo alikuwa na namna moja ya kununa. Alikuwa anakaa kwenye sinia na wazazi wake, lakini ameligeuzia mgongo. Ukiona amegeuka na kuchukua tonge, ujue amekusamehe, na hakuna maneno mengine. Ndiyo maana tangu msiba Mzee anatuma kopo la samaki kila akipata msafiri. Makopo manne. La Brussels linarudi, la Ottawa linarudi, hata la Perth ambako sijui kama watu wanarudi. Ya Lyon, halijarudi hata moja.

"Labda posta," nilimwambia siku moja.

"Posta gani? Linabebwa na mutu."

"Basi labda analiwekea maua."

"We petit, tengeneza simu."

Kila Ijumaa, akitoka msikitini, anapika wali na ndagala anaweka kwenye sinia lile lile la zamani. Anakula upande wake, mpaka katikati, hapo anaacha. Upande wa pili unabaki mzima kama haukuguswa na mtu, kwa sababu kwa adabu aliyolelewa nayo unakula kilicho mbele yako, basi. Kisha ananigongea ukuta. Nusu ile nimeila miaka mitatu. Nimenenepa kwa niaba ya Lubna.

Ijumaa moja ya kiangazi akaja Arnaud, kijana wa Kigobe, mtoto wa mkubwa fulani wa serikali, aliyekuwa amemaliza miezi sita ya mafunzo Lyon. Mzee alikuwa amepakua tayari, hajaanza. Aliposikia Lyon akasimama, akachukua chaki.

"Karibu, mwanangu. Ulikula nini?"

"Mzee, wale watu wanakula." Arnaud alivuta kigoda. "Wanasaga samaki, wanamtengeneza kama soseji, wanammwagia mchuzi mzito. Matumbo ya ng'ombe wanakuletea kwenye sahani ya maua, na mutu amevaa tai. Kuna keki nyekundu ya lozi, ukiuma meno yanalia. Lakini nikuambie ukweli?"

"Sema."

"Kitu kilichonikaa moyoni ni ndagala. Kuna dada wa kwetu, Christa, alitualika Jumapili. Akafungua kopo, mi nikatambua lehemu yako palepale. Tulikula na vidole, tukalamba. Akasema, hili umrudishie fundi, hayo mengine nitayatuma polepole."

Akalitoa kwenye mfuko. Mzee akaweka chaki chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaligeuza kopo. Mi nilikuwa mlangoni na bisibisi, nikamwona yule samaki wa jicho moja kabla hajamfunika kwa kidole gumba.

"Huyu Christa," akasema, "anayatoa wapi?"

"Anapewa na mwenzake wa kazini. Mrundi pia, Mwislamu wa huku huku. Anatumiwa kutoka kwao lakini yeye hali, hayafungui hata. Anampa Christa jinsi yalivyo. La nne hili." Arnaud akatuangalia. "Kwani iko shida?"

"Apana. Kopo iko nzima. Aksanti kulirudisha."

Arnaud akaaga, akaenda zake na amani yake. Mzee akakaa, kopo kwenye magoti, wali unapoa. Kisha akachukua simu.

Lazima niseme kwamba simu yake, tangu niitengeneze mimi, spika haizimi. Kwa hiyo nilisikia yote, na nusu ya mtaa ingesikia kama ingetaka.

"Asalamu alaikum, Papa."

"Waalaikumu salamu. Uko kazini?"

"Nasubiri basi."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Zile ndagala zilifika?"

Gari lilipita upande wa Lubna.

"Zilifika. Tamu sana, Papa. Nimezimaliza."

Mzee aliangalia kopo. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mdomo wake, kule alikolehemu mwenyewe, taratibu, kama anatafuta tundu.

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Kopo nitatafuta mutu wa kulileta."

"Usijisumbue. Makopo niko nayo."

"Sawa."

"Lubna."

"Naam."

Nilidhani atasema. Hata bisibisi niliishusha ili isigonge kitu. Miaka mitatu ilikuwa imekaa pale kwenye ulimi wake, nami nikaanza kujiuliza kama nitoke au nibaki.

"Huko Lyon," akasema, "watu wanakula nini kizuri?"

"Nitakuambia siku nyingine, Papa. Basi imefika."

Simu ikakata. Akaiweka juu ya kopo, kopo akaliweka chini, akanawa tena mikono ingawa ilikuwa safi. Akaanza kula. Mi nikarudi kibandani kwangu, nikatoa sahani, nikaipangusa. Nilimwona kupitia ufa wa ukuta. Alifika katikati ya sinia akasimama, kama kila Ijumaa. Nikasubiri anigongee.

Hakugonga. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha mkono ukavuka. Akachukua tonge kutoka upande wa pili, akatafuna, akachukua lingine, hakuinua macho, mpaka bati la sinia likaonekana lote. Nikarudisha sahani chini ya meza. Nilishinda njaa siku ile, na simwekei kinyongo.

Jumatatu akaja mama mmoja anayekwenda Lyon kumwona mjukuu. Mzee alikuwa amekwisha jaza lile kopo. Chini, samaki hakumfuta; pembeni yake alikuwa amechora herufi mpya, C. Alilehemu polepole kuliko siku zote, akalipuliza likapoa, akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili.

"Utamwuliza Arnaud wa Kigobe nambari ya dada anaitwa Christa. Ni lake."

"Ndugu yako?"

"Simjui." Akafikiri. "Mwambie likiisha alirudishe. Na akilirudisha, aniambie walikaa wangapi kulila."