Siku Nilipochaguliwa na Mwalimu

Chekeni tu, maana hata mke wangu bado anacheka. Mimi ndiye mwenye ghala kubwa la maharage hapa Kasulu, kila dalali ananijua. Shule niliachia darasa la tatu kule Rungwe Mpya. Mwalimu wetu alikuwa anachagua wenye madaftari tu kujibu maswali, mimi nilikuwa naandika mchangani.

Binti yangu Neema nimempeleka shule ya Kiingereza. Juzi wazazi tukakaribishwa kuona wanavyofundishwa. Nikavaa suti, nikajibana kwenye dawati la nyuma. Mwalimu akauliza swali, mikono ya watoto ikapaa: "Ticha! Ticha!"

Nilishtukia na wangu uko juu, napiga vidole, naita kwa nguvu, "Mimi, mwalimu! Mimi!"

Darasa zima likageuka.

"Baba, shusha mkono," Neema akanong'ona.

Lakini mwalimu alikuwa ameshaninyooshea chaki, anatabasamu. "Haya, baba Neema, tujibie."

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Tangu utotoni nilikuwa nangoja kuchaguliwa, na swali lenyewe, kwa Kiingereza chao kile, sikuwa nimeelewa hata neno moja.