Kumuse ya Babu Ndani ya Simu

Barua pepe ya kwanza kutoka kwa kampuni ile nilidhani ni matangazo, nikasonya nikaifuta. Ya pili na ya tatu zikafuata njia hiyo hiyo. Ulikuwa msimu wa kupanda, duka langu la pembejeo hapa Kitale limejaa watu wanaotaka mbegu na mbolea. Nani angekaa kusoma Kiingereza cha watu wa ng'ambo, ati programu yao ya podikasti inafungwa?

Kumbe ndani ya programu hiyo nilikuwa nimehifadhi kumuse ya babu.

Kwetu Matulo, mzee wa heshima akifa, siku ya tatu baada ya mazishi huitwa mzee maalumu wa kumuse, hotuba ya kuwausia waliofiwa. Watu hukaa pande mbili wakiacha njia, naye hutembea katikati na fimbo yake, akieleza ukoo ulikotoka na namna waliobaki wanavyopaswa kuishi. Akianza, hakuna kusimama, hakuna kukatiza, mpaka amalize na aende zake bila kuaga wala kugeuka nyuma.

Baba yangu, kifungua mimba wa marehemu, hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitalini Bungoma, amepasuliwa tumbo. Hakumzika babake wala hakusikia neno. Bahati nzuri mwalimu mmoja aliyekuwa na podikasti ya mambo ya wazee alirekodi kumuse yote. Baadaye mwalimu aliacha kazi hiyo, vipindi vyake vikapotea kila mahali. Nakala iliyobaki ilikuwa kwangu.

Kila nilipokwenda nyumbani baba aliomba tuisikilize, na kila mara haikufika mwisho. Mara chaji iliisha. Mara mteja alipiga kuuliza dawa ya viwavi, sauti ikakatika, baba akanyanyuka akaenda kwa ng'ombe wake. Hakukubali hata siku moja tuendelee tulipoachia. Kumuse haidakwi katikati, alisema, tutaanza upya siku nyingine.

Jumamosi ile nilijaza chaji pomoni na kuwaonya wateja wasinisumbue. Niliweka simu juu ya kigoda uani, baba upande huu, mimi upande ule, tukaacha njia. Tulikuwa tumesikiliza karibu saa nzima kioo kilipowaka: programu inafungwa leo saa kumi na mbili jioni, bonyeza hapa kuhifadhi rekodi zako. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nikainuka nusu, mkono mbele.

"Mama, keti," baba akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Mzee anapita."

Nilijaribu kumnong'onezea kwamba tutaipoteza. Akanyoosha kiganja. Jamani! Mimi ninayefokea madereva wa malori mpaka wanashusha macho, nikakaa. Moyoni niliitukana kampuni ile matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Halafu nikamtazama baba, na hasira yangu ikaisha nguvu. Ndani ya simu nyayo zilisikika zikikanyaga majani makavu, fimbo ikigota chini, na macho ya baba yalikuwa yakimfuata mzee. Kichwa chake kiligeuka polepole kwenye ile njia tuliyoiacha, sauti ikija, sauti ikienda. Mama alitokea kukamua na jagi la maziwa, akatuona, akasimama pale pale. Siku ya kumuse yenyewe mimi nilikuwepo, nimeketi chini ya hema, nikichezea simu. Sikuwa nimesikia kitu.

Karibu na mwisho mzee akasema, "Kifungua mimba wake yuko chini ya kisu cha daktari. Mtu asiseme hakuja. Nafasi yake ni hapa, kando ya mlango wa babake. Asiketi mtu hapo mpaka aje mwenyewe."

Nyayo zikaenda, zikaenda, zikaisha.

Niliruka nikabonyeza. Kile kiduara kilizunguka na kuzunguka, mtandao wa Matulo ukijikokota, hadi saa kumi na mbili ikagonga. Kioo kikawa cheupe: Asante kwa kuwa nasi. Kuwa nanyi wapi, wezi nyinyi? Nililia mbele ya wazazi wangu, mtu mzima na duka langu. Nikamwambia baba imepotea, hatutaisikia tena, na kosa ni langu.

"Mzee wa kumuse akimaliza huenda," alisema. "Hageuki."

Akachukua kigoda kile, akavuka uwanja hadi nyumba ya babu, akakiweka kando ya mlango, akaketi. Nikamuuliza mama kwa nini pale pamekuwa wazi miaka yote hii, hata siku za sherehe watu wakikosa pa kukaa.

"Si tuliambiwa siku ile ya kumuse," mama akajibu. "Tulidhani baba yako anajua."