Pete za Zohali na Migomba ya Bibi

Kwa wiki sita niliilaumu migomba mitatu ya bibi yangu. Imesimama upande wa mashariki wa uwanja wetu, juu kidogo ya Makumira, pale pale Zohali inapochomoza jioni. Sayari ikishapanda juu ya majani, mawingu ya mlima Meru nayo huwa yameshashuka. Nilibakiwa na mwanya wa upana wa mlango, kati ya mgomba na mgomba, na dakika chache za kuirekodi kwa darubini.

Darubini niliinunua mjini, Themi, kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka lake. Naifungia kamera ndogo, narekodi video, kisha kwenye kompyuta nachagua vipande vilivyotulia na kuviunganisha viwe picha moja. Kila picha ilitoka vilevile: doa la manjano, ukungu pembeni, pete hakuna. Nikaona ni majani yanayopita mbele ya lenzi. Nikamwomba bibi tuikate migomba.

Alinitazama kama nimeomba kuchinja ng'ombe mwenye mimba. Mgomba wa katikati ulikuwa umebeba mkungu mchanga, na kwake mgomba haukatwi kabla haujazaa. Nilimbishia, kama ninavyombishia juu ya sala kabla ya chakula. Nilimwambia, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba sikubali nisichokiona. Mwishowe akasema nimwonyeshe hizo pete ninazozisifu. Akiziona kwa macho yake, nikate.

Kitabuni nilikuwa nimeshamwonyesha: tufe lenye pete pana kama ukingo wa kofia. Jumamosi iliyofuata anga lilikuwa safi na upepo haukuwapo. Zohali ilipofika katikati ya mwanya, nikamketisha bibi kwenye kigoda, akafumba jicho moja. Akachungulia kwenye darubini.

"Naona shanga," alisema. "Imechomwa sindano. Pete ziko wapi, baba?"

Nikaangalia mwenyewe. Hakukuwa na jani mbele, na picha ilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kupata. Shanga, na mstari mwembamba ukiipasua katikati. Hapo nikakumbuka nilichokisoma mahali nikakipuuza: kuna miaka pete hutugeuzia ukingo, kama sahani ukiishika usawa wa macho. Mwaka huu ni mmojawapo. Mimi ninayemdai mchungaji wa kanisa la bibi ushahidi, sikuwa nimehakikisha hata hilo. Nikamweleza bibi kwamba pete zipo, na kwamba miaka michache ijayo zitaonekana tena vizuri.

"Kwa hiyo zipo, ila hazionekani."

"Zipo, bibi."

"Na unataka nikubali." Hakucheka, afadhali angecheka. "Haya. Migomba yangu ilikosa nini?"

Alisema hata hivyo shanga ni nzuri, akaenda jikoni kuangalia maharage yake. Nilibaki uwanjani na hasira isiyo na pa kwenda. Nilirekodi video moja tu, nikaifuta.

Asubuhi nilimkuta akisimika nguzo mbili zenye panda, za kuegemeza mgomba wenye mkungu. Moja ilikuwa katikati kabisa ya mwanya wangu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akanionyesha jembe kwa kidevu. Nikalichukua, nikashindilia udongo kuzunguka nguzo iliyoziba mwanya wangu mpaka ikaacha kutikisika.