Kalavati la Halmashauri Mbili

Inatangazwa kwa wananchi wote, kwa mifugo yao, na kwa mawingu yote yenye nia ya kupita katika eneo hili, kwamba Mkakati wa Kanda wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi kwa Ushirikiano wa Serikali za Mitaa umekamilika, umepitishwa, umechapwa kwenye karatasi nzito yenye kung'aa, na unaanza kutumika mara moja. Mvua yoyote itakayonyesha kinyume cha mkakati huu itakuwa imejitakia yenyewe. Jua limeshapewa nakala.

Mwanamke aliyeuandaa mkakati huo alikuwa amelala. Si kwa dharau. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho ukumbini, nyuma ya nguzo, viatu kavivua nusu, na mwenyekiti wa kamati alipofika kwenye maneno "leo tumeandika historia", kichwa chake kilikwenda taratibu kikaegemea ukuta, kikabaki hukohuko. Watu walipopiga makofi akazinduka, akapiga na yeye.

Cheo chake kilikuwa Mratibu wa Ushirikiano wa Halmashauri Tano katika Masuala ya Tabianchi. Hakikuenea mlangoni. Fundi wa vibao aliishia "Mratibu wa Ushirikiano wa Halma", akasema ubao umekwisha, akaondoka zake. Ofisi yenyewe zamani ilikuwa stoo ya karatasi, mwisho wa korido, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kudurufu iliyokufa. Haikuweza kutolewa, kwa sababu mashine ilikuwa mali ya halmashauri moja na jengo mali ya nyingine, na hakuna barua iliyowahi kuzipatanisha. Palikuwa na feni pia. Iligoma kuzunguka shingo, ikawa inaipulizia mashine mchana kutwa, wakati mratibu analowa jasho pembeni.

Mtaani walimwita Mama Mkakati, na waliamini kabisa kwamba kazi yake ni kuamua mvua. Dobi wa jirani alimsubiri kila asubuhi kwenye kamba zake.

"Mama Mkakati, leo nianike, nisianike?"

"Sijui, kaka yangu. Anika."

Ikinyesha, jioni anamkuta amesimama palepale, shuka begani kama wakili wa mahakama kuu.

"Nyinyi watu wa serikali mna roho mbaya. Si ungeniambia tu?"

Mwanzoni alijaribu kumweleza. Siku moja alisimama akamfafanulia tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi, kwa mifano, kwa mikono, karibu kwa machozi. Dobi alisikiliza kwa heshima zote hadi mwisho, akatikisa kichwa, akauliza, "Kwa hiyo nianike?" Tangu hapo anajibu tu.

Sasa, katika mkakati mzima, pamoja na dira yake, dhima yake, nguzo zake na ile picha ya watoto wanaocheka wakiwa wameshika miche, yeye alitaka kitu kimoja. Alitaka kalavati.

Nyumba anayokaa na mume wake iko kando ya kijito. Hatua chache kutoka mlangoni, kijito kinaingia chini ya barabara, na katikati ya barabara hiyo ndipo ulipo mpaka. Upande wa nyumba ni halmashauri ya juu. Upande wa pili, kijito kinakotokezea, ni halmashauri ya chini. Kalavati lililokuwapo lilikuwa bomba jembamba, lililowekwa enzi ambazo mvua zilikuwa na adabu, zinanyesha kidogo kidogo na kwa zamu. Siku hizi mvua ya mwezi mzima inashuka mchana mmoja. Bomba linashindwa kumeza, maji yanarudi nyuma, yanatafuta mlango ulio wazi, na mlango wa kwanza ni wa mume wake.

Mume wake ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Cherehani ni ya miguu, ya chuma kitupu, aliyoachiwa na baba yake, nzito kama dhambi. Kila wingu likitanda wanaishika, mmoja huku, mmoja kule, wanaipandisha juu ya meza ya kukatia. Mume ana kiuno kibovu. Mke ana kikao kesho. Baada ya mvua za mwaka juzi, alipokuwa akianika vitambaa vya wateja vilivyogeuka rangi ya tope, mume alisema neno lake, bila hasira, huku akipima mkono wa shati.

"Mvua zijazo maji yakiingia tena humu, nahamia kwa kaka. Ana chumba kikavu kule mjini. Mimi, mama, na cherehani. Wewe kazi yako iko huku, sikulazimishi."

Mama mkwe, aliyekuwa kitandani amekunja miguu kwa sababu sakafu bado ilikuwa chepechepe, akaongeza la kwake.

"Wengine wanafanya kazi benki, mwanangu, wanaleta pesa nyumbani. Wewe unafanya kazi ya mvua, unatuletea mvua."

Wakacheka wote watatu, maana hakukuwa na jingine la kufanya. Lakini neno la mume lilibaki limening'inia humo chumbani kama tepu yake shingoni.

Basi mratibu akaenda vikaoni. Vikao vilizunguka halmashauri zote tano kwa zamu, na kila kikao kilianza kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho nacho kilikuwa kimesoma kumbukumbu za kile cha kabla yake, hivyo chakula cha mchana kiliwakuta wote wakiwa bado wanakubaliana kwamba mara ya mwisho walikubaliana. Ilikuwa alasiri moja ya joto, karibu kila mtu amefungua kifungo cha juu, walipoifikia sentensi yake. Ilisema: *Kalavati la mpakani lijengwe upya, upana wa mita moja na nusu, pande zote mbili kwa pamoja.*

Mwenyekiti aliisoma akavua miwani.

"Dada yangu, hapa tunazungumzia tabianchi. Dunia nzima. Hii mita moja na nusu imefuata nini?"

"Ndimo maji yatakamopita, mheshimiwa."

"Maji yatapita kwenye utekelezaji. Huu ni mkakati."

Mhandisi wa halmashauri ya chini, mtu mpole aliyekuwa akichonga penseli tangu asubuhi bila kuandika nayo chochote, akaunga mkono. "Mita ni mambo ya kiufundi. Ukiruhusu mita leo, kesho tutakuta humu mifuko ya saruji."

"Na hili neno 'kwa pamoja' nalo mnalitoa?"

"Liko kwenye jalada, mama," mwenyekiti akasema kwa upole wa kumbembeleza mtoto. "Tena kwa herufi kubwa za kijani. Tulirudie mpaka wapi?"

Alibishana. Watu wakaanza kutazama dirishani, ambako dereva alikuwa ameshawasha gari la kuwarudisha. Mwishowe wakampa la kuchagua: kalavati libaki, mita ziondoke, au viondoke vyote na kikao kifungwe. Aliitazama sentensi yake kama mtu anayetazama kuku wake akinyonyolewa. Alikuwa amechoka mpaka meno yanamuuma. Akasema, "Sawa."

Ikaandikwa upya: *Kila halmashauri itaboresha makalavati yaliyo ndani ya mipaka yake.* Nayo ndiyo iliyopitishwa, ikapigiwa makofi, naye akayapokea usingizini.

Moyoni alijipa matumaini kwamba vipimo atawaambia kwa mdomo. Akawaambia. Alipiga simu halmashauri ya juu, wakamjibu, "Tunajua, mama." Akapiga halmashauri ya chini, wakamjibu, "Ondoa wasiwasi, mama." Akaondoa.

Mafundi wa halmashauri ya juu walifika kwanza, na walifanya kazi ya watu. Walichimba hadi kwenye kamba ya mpaka katikati ya barabara, wakalaza bomba pana, hilo kweli la mita moja na nusu. Mama mkwe alitoka na fimbo yake kwenda kulikagua.

"Hili hata mimi naingia na mwavuli," akasema. Jioni hiyo mume alishona huku anapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu, na mratibu akalala mapema kama mtoto aliyeoga.

Wiki iliyofuata wakaja wa halmashauri ya chini. Alipoona walichokuwa wanashusha kwenye lori, alivuka barabara na ndara zake za ndani.

"Jamani, hilo bomba mbona jembamba?"

Msimamizi alikuwa kijana mwenye kofia ya njano na subira nyingi. "Shikamoo mama. Tumeambiwa tubadilishe, tunabadilisha. Lile la zamani lilikuwa limepasuka."

"Lakini hili ni dogo vilevile!"

"Kwa kipimo ni lilelile. Kwa ubora ni jipya."

"Sikiliza, baba. Maji yanaingia kule, bomba kubwa. Yanafika hapa katikati, yanakuta hiki kibomba. Yanafanyaje?"

Kijana akachungulia ndani ya shimo. Akafikiri kwa dhati, kwa hilo asifiwe. "Hapo sasa ni mpakani, mama. Sisi tunaishia kwenye kamba. Lakini usijali, hapo kwenye maungio tutapiga plasta nzuri, hata hutaona."

Wakapiga plasta nzuri. Maungio hayakuonekana hata kidogo.

Alimpigia mhandisi mpole. "Mkakati unasema kuboresha," mhandisi akasema. "Bomba jipya si bora kuliko lililopasuka?" Akawapigia wa juu, ambao walishafurahia kazi yao. "Wewe unajua tumemaliza. Tukipeleka koleo upande wa wenzetu, huo si ushirikiano tena, ni uvamizi." Mwisho wa mwezi kila halmashauri ikaleta taarifa kwamba kalavati limekamilika. Mratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuziunganisha taarifa, aliziunganisha. Ikaonekana kanda nzima ina kalavati moja lililokamilika mara mbili.

Mvua ikaja mchana, wakati dobi ameanika.

Zamani matawi na machupa yalikwama mdomoni mwa bomba, ukaweza kuyavuta kwa reki. Sasa mdomo mpana uliyameza yote kwa raha zake, ukayapeleka hadi katikati, yakajipanga kwenye kile kibomba kipya, chini kabisa ya mpaka, mahali ambapo mkono wa mtu wala wa sheria haufiki. Maji yakasimama. Kisha yakageuka, yakapanda, yakaingia chumba cha mbele bila hodi, juu kuliko mwaka wowote.

"Shika huko!" mume akasema.

"Nimeshika. Wewe pinda magoti, usitumie kiuno."

"Nimepinda."

"Hujapinda, nakuona."

Wakaipandisha. Vitambaa vya sare za shule, vilivyokuwa kwenye kapu chini ya meza, havikuwahiwa. Mume akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akayatazama maji yakizunguka miguu ya meza.

Asubuhi mratibu alimkuta anapanga nyuzi kwenye kopo la biskuti, rangi kwa rangi.

"Kaka analeta gari Jumamosi."

"Haya."

"Njoo na sisi."

"Nikija, nani atawakumbusha hawa bomba?"

"Na ukikaa, nani anakusikia?"

Mratibu akachukua gazeti la zamani, akaanza kuifunga mikasi. Ndani, mama mkwe alikuwa akizivuta nguo zake kutoka sandukuni na kuzirudisha humohumo, kisha akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba mjini huko hamjui mtu hata mmoja, na kwamba mkwe wake anajua kumpaka dawa ya magoti kuliko huyo mwanawe.

Ijumaa mwenyekiti akapiga simu, furaha ikimwagika sikioni.

"Dada yangu, hongera! Kalavati letu limechaguliwa kuwa mfano. Wageni wa kanda jirani wanakuja kujifunza. Kesho. Wewe si unakaa karibu na hapo?"

"Nakaa hapo."

"Safi kabisa! Hata nauli huhitaji."

Basi Jumamosi magari yakajipanga pande zote mbili za mpaka, na nyuma yao gari dogo la shemeji likiwa limefungua mlango wa nyuma, godoro la mama mkwe limeshapakiwa na mwenyewe yuko juu yake kama malkia aliyepinduliwa. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa mashariki. Dobi alikuwa anaanua.

Mwenyekiti akasimama juu ya plasta.

"Tazameni, ndugu zangu. Upande huu, upana. Unapokea. Upande ule, wembamba. Unadhibiti. Halmashauri moja peke yake isingeweza kufikiria kitu kama hiki."

"Isingeweza," mhandisi mpole akakubali, na kwa mara ya kwanza akaandika kitu kwa ile penseli.

Wageni wakapiga picha. Mkuu wa msafara, mzee mrefu mwenye viatu vyeupe, akaomba kumsikia mama mwenyewe aliyeubeba mkakati huu toka mwanzo. Wakamsukuma mbele. Alikuwa na jalada la kijani kwapani na viatu vya kikao miguuni. Mlangoni kwake, kama hatua kumi hivi, mume alikuwa ameinama juu ya cherehani, mkono mmoja chini ya chuma, mwingine kiunoni, hainui wala haachii. Tone la kwanza likaanguka juu ya jalada.

"Mama," mgeni akasema, daftari tayari, "kwa uzoefu wako mkubwa, ukiutazama ushirikiano huu, unadhani hatua inayofuata sasa ni ipi?"

Mratibu akampa mwenyekiti lile jalada. Akavua viatu, akamshika mgeni mkono wa koti, akamvuta hadi mlangoni.

"Kunyanyua cherehani," akasema. "Shika upande ule."