Ua wa Mepo Huko Lunyo

Dada yangu mkubwa anatunza wazee Ulaya. Dirisha la pale kazini kwake linatazama ua wa miti mifupi inayoitwa mepo, ambayo majani yake yana vidole kama mkono na hugeuka manjano majira ya baridi yakikaribia. Alipojenga nyumba hapa Lunyo, upande wa Uganda, akaniachia niitunze, alitaka izungushiwe miti hiyohiyo.

"Haikui sana, inakatika vizuri kwa makasi," aliniambia kwenye simu. "Hata udongo mbaya inavumilia."

"Na jua?"

"We panda tu."

Akatuma mbegu na mtu aliyekuwa anakuja. Nilisoma kwamba haziamki mpaka zipitie miezi ya baridi, nikazichanganya na mchanga wenye unyevu, nikaziweka kwenye friji chini ya samaki. Umeme wetu ukikatika haurudi upesi. Mbegu zikaota ukungu. Akatuma nyingine. Hizo zilichipua chache, nikazimwagilia huku maharage yangu yakinyauka, lakini kiangazi kilipoingia majani yakaungua kingo, yakadondoka. Kila Jumapili baada ya kanisa dada alipiga simu: "Geuza kamera nione." Nilikuwa namwonyesha makopo ya udongo.

Nikachoka. Nikavuka hadi Busia ya Kenya, kwa muuza miche wa kando ya barabara, nikamwonyesha picha.

"Hiyo iko," alisema, hata hakuitazama vizuri.

Miche yake ilishika upesi. Dada alipoiona alilia kwa furaha, na mimi nikalala vizuri, mpaka jirani yangu alipopita akachuma jani, utomvu ukamchuruzika kidoleni.

"Mama, hii si mbono? Sisi napanda kwa kaburi."

Ikabidi nimwambie dada.

"Kwa hiyo umenizungushia makaburi."

"Nimekuzungushia kilichokubali kuota. Wewe ndiye uliyesema nipande tu."

"Nikimaliza kumwosha mgonjwa, ile miti ndiyo naitazama," alisema. "Miaka yote hii. Sasa nije kuzeekea hapo, nitazame nini?"

Nilimhurumia, lakini hasira haikunitoka. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa hapa, na hakuwahi kuniuliza natazama nini.

Nikang'oa mibono. Safari hii nilikwenda Tororo na kukataa kununua mche wowote kabla sijaonyeshwa mti wake uliokomaa. Mama mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake kwenye ua wa duranta, mnene, uliokatwa sawasawa, majani ya manjano yaking'aa juani. Jua halikuwa limeuunguza hata kidogo. Nikachukua miche nikiwa na uhakika kwamba nimemaliza kazi.

Dada aliitazama kwenye kamera.

"Manjano yake ni ya mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi haina maana. Ile yangu hugeuka," akasema, akakata simu.

Nilibaki nimesimama na jembe. Mvua ilikuwa imeanza na miche imelala mlangoni, nikaendelea kuchimba mashimo.